Sura ya Sita: Wapangaji wa Herufi S

Mtu afunguapo kamusi ya Kiingereza kwa mara ya kwanza, akayaona maneno yamejipanga safu kwa safu, ya A mbele na ya Z nyuma, hudhani kwamba mpango ule umo katika maumbile ya lugha, mfano wa siku zinavyofuatana katika juma, ilhali mpango wenyewe ulibuniwa na watu, ukakawia kuzoeleka, wala haukuwa wa pekee duniani. Robert Cawdrey, mwalimu Mwingereza aliyechapisha mwaka 1604 kitabu kinachohesabiwa kuwa kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza, alilazimika katika dibaji kuwafundisha wasomaji wake kwamba neno lianzalo na A hutafutwa mwanzoni mwa kitabu, na neno la herufi za mwisho hutafutwa mwishoni. Yapata miaka 800 kabla yake, Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mwanachuoni wa Basra mwenye asili ya Oman, alikuwa amekwisha kuasisi kamusi ya Kiarabu isiyoanza na alifu bali na ain, kwa kuwa aliyapanga maneno kwa makhraji ya sauti zake, akianzia ndani ya koo na kutoka nje kuelekea midomoni. Mtoto yeyote aliyesomeshwa tajuidi angeufahamu mpango wa Al-Khalil bila ya kuelezwa. Mpango wa Cawdrey ndio uliohitaji dibaji.

Nimelitanguliza hilo kwa sababu sura hii ni ya herufi moja tu, S ya Kiingereza, na napenda msomaji aingie humo akijua ya kwamba wanaokaa pamoja chini ya herufi hawakukusanywa na damu. Kamusi ya Kiarabu ifuatayo mizizi huweka kitabu, katibu na maktaba katika mlango mmoja, maana yote matatu ni wana wa kaf, ta na ba. Kamusi ya Kiingereza humpokea kila ajaye kwa herufi yake ya mwanzo, bila ya kumwuliza babaye nani wala ametoka bara gani. Kwa sifa hiyo herufi imefanana na mtaa wa Majengo. Boma la Embu lilisimamishwa mwaka 1906, na la Meru mwaka 1908 chini ya Edward Horne, ambaye Wameru walimwita Kangangi kwa kutotulia kwake mahali pamoja. Na kando ya boma, kama ilivyotukia katika miji mingi ya bara, ulizuka mtaa wa wale waliokuja na serikali au nyuma ya serikali: askari, wapagazi, wapishi, wachuuzi wa nguo na chumvi, Waislamu wa Pwani na wasio wa Pwani, pamoja na wenyeji wa milimani walioacha ardhi ya ukoo wakatafuta riziki ya mshahara. Meru pakawa na Majengo, Embu pakawa na Majengo, kama yalivyo Nyeri, Nanyuki na Moshi. Jirani wa ukuta kwa ukuta hakuwa ndugu, lakini alikuwa jirani, na mgeni aliyepita njiani akiwaona wote wamekaa barazani aliwadhania kabila moja. Basi ndivyo adhaniavyo mwanafunzi ayaonapo maneno 20 ya S katika ukurasa mmoja.

Kwa nini S na si nyingine? Kwa sababu ndiyo herufi yenye kurasa nyingi kuliko zote katika kamusi za Kiingereza. Ulimi wa Mwingereza huiruhusu S itangulie konsonanti nyingi, ikafuatwa na K, na L, na M, na N, na P, na T, na W, hata ikafuatwa na mbili kwa mpigo. Fauka ya hayo sauti ambayo sisi huiandika SH, naye huiandika vivyo hivyo, imehifadhiwa humo humo. Kwetu wingi wa kurasa uko kwenye M na K, na sababu yake ni nyingine kabisa: mtu na mti huanza na M, kitu huanza na K, na majina ya ngeli hizo hayana idadi. Kamusi nono ya Mwingereza hunona kwa sauti. Yetu hunona kwa sarufi.

Nianze na wapangaji ambao msomaji wa Kiswahili hana haja ya kujulishwa kwao. Sukari na neno la Kiingereza "sugar" ni wana wa baba mmoja: neno lilitoka Bara Hindi katika Kisanskriti, likapita Uajemi, Waarabu wakaliita sukkar, na kutoka kwa Waarabu likagawanyika njia, moja ikavuka bahari kuja pwani yetu na nyingine ikapita Italia na Ufaransa mpaka Uingereza. Mwenye duka wa Meru aliyeandika neno la Kiingereza kwenye gunia na la Kiswahili kwenye daftari ya madeni aliandika neno moja mara mbili. Zafarani ni vivyo hivyo, nayo kwa Kiingereza ni "saffron". Sanamaki, ile dawa ya kuendesha tumbo ambayo wazee hawakuikosa kabatini, ni sana ya Makka, na Mwingereza huiita "senna" bila ya kuutaja mji. Sharbati ameipokea kwa mkono wa Mturuki akaifanya "sherbet", na shira ya dawa akaiita "syrup". Yote mawili yametoka katika mzizi wa Kiarabu wa kunywa, nasi tunao mzizi huo katika kitenzi sharabu, tusemapo karatasi imesharabu wino. Sultani na shehe sina haja ya kuwaeleza.

Ajabu zaidi ni sofa. Hakuna nyumba yenye uwezo, iwe Majengo au juu mlimani, isiyotamani seti ya sofa, na kila anayeinunua huiona kuwa ni kitu cha Kizungu, jina na umbo. Lakini neno hili Waingereza walilipata kwa kupitia Waturuki na Wafaransa kutoka katika Kiarabu suffa, yaani kikao kilichoinuliwa au ukumbi wenye kivuli. Nalo ni neno lile lile lililomo katika jina la Ahlu Suffa, masahaba mafakiri waliokuwa wakilala penye kivuli cha msikiti wa Mtume, Madina, kwa kutokuwa na nyumba wala jamaa. Neno la mafakiri wasio na pa kulala limezunguka dunia na kurudi kwetu likiwa jina la fanicha inayolipwa kwa mkopo wa chama. Sisemi haya ili kumkataza mtu sofa.

Lakini baada ya kuwaona ndugu hawa wa kweli, msomaji hana budi kujihadhari na wale wanaofanana bila ya undugu, na mfano ulio wazi ni sharifu. Vijana waliotazama sinema za Kimarekani, zenye farasi na bastola, humjua yule ofisa wa nyota kifuani aitwaye "sheriff", na wapo waliothubutu kusema kwamba jina lake ni la Kiarabu, limetokana na masharifu wa ukoo wa Mtume. Hakuna ithibati ya hilo, na ipo ithibati ya kinyume chake. Neno lile ni la Kiingereza cha kale kabisa, limeunganishwa kwa maneno mawili, moja lenye maana ya wilaya na la pili lenye maana ya msimamizi, kwa hiyo kwa asili ni msimamizi wa wilaya. Horne wa Meru alikuwa karibu zaidi na maana hiyo kuliko sharifu yeyote wa Lamu. Ufanani wa sauti ni shahidi asiyeaminika, na wanaomtegemea hupotea katika kila lugha, seuze katika hizi mbili ambazo zimekaa karibu kwa muda mfupi tu.

Kuna jambo ambalo hurudiwa na walimu wengi, kwamba Kiswahili hakipendi konsonanti mbili zikutane mwanzoni mwa neno, na kwamba Kiingereza ndicho kilichotuletea ST. Nusu ya kwanza ina ukweli, ya pili haina. Kabla Mwingereza hajaleta stesheni, stoo na stempu, watu wa Pwani walikuwa wakistarehe, wakistaajabu na wakidai wanachokistahiki, na vitenzi hivyo ni vya Kiarabu vyenye ista- au isti- mbele, ambayo vinywani mwetu ilipoteza irabu ya kwanza ikabaki S na T zimeshikana. Kwa hiyo stesheni ilipofika Mombasa ilipokewa na ulimi uliokwisha zoea. Bara mambo yalikuwa mengine. Huko ndimi nyingi zilitia irabu katikati, zikasema sitima na sitoo. Na kwa Wakikuyu, majirani wa Waembu na Wameru, ambao hawakuwa na S yetu katika lugha yao, soko limekuwa thoko, simu imekuwa thimu, na sabuni imekuwa thabuni. Mtoto wa Majengo alizisikia zote mbili kwa siku moja, ya nyumbani na ya sokoni, na kwa kawaida hakuona ajabu.

Kufuatana na stesheni husimama skuli, na kisa chake ni kirefu kuliko jengo lolote la skuli. Wamisionari waliozunguka Mlima Kenya, wale wa Kigari katika Embu tangu mwaka 1910, Wamethodisti wa Kaaga karibu na mji wa Meru tangu 1912, na Waskoti wa Chogoria tangu 1922, walifungua madarasa, na Waingereza waliyaita kwa jina lao. Lakini jina lililoenea katika Kiswahili cha Kenya na cha bara ya Tanzania ni shule, ambalo si la Kiingereza bali la Kijerumani, limebaki baada ya Wajerumani kuipoteza Tanganyika katika vita vilivyokwisha mwaka 1918. Unguja na Pemba wamebaki na skuli. Shule na skuli, pamoja na mama zao wa Ulaya, hukutana katika neno moja la Kiyunani, na maana ya neno hilo ilikuwa faragha, yaani muda wa mtu aliyepumzika na kazi za mikono, awezaye kukaa na kuzungumza habari za hekima. Mwanafunzi aamshwaye alfajiri kwa kengele hatakubali kirahisi kwamba jina la mateso yake lilikuwa starehe. Hata hivyo katika mji wa Nairobi iko shule mashuhuri iliyoanzishwa mwaka 1959 kwa ajili ya watoto wasio na makao, nayo inaitwa Starehe, kwa jina la mtaa. Waliouita mtaa hivyo hawakuwa na habari ya Wayunani, lakini bahati huwa na elimu yake.

Sasa naja kwa mpangaji aliye na vyumba vingi kuliko wote, neno dogo la herufi tatu, "set". Kamusi kuu ya Oxford, katika toleo lake la pili la mwaka 1989, ililipa nafasi kubwa kuliko neno jingine lolote, na maana zake huhesabiwa kuwa zaidi ya 400. Mwanafunzi asiyeonywa hujifunza moja, yaani kuweka, akatoka nayo kwenda kuvifasiri vitabu, na matokeo yake huchekesha. Kwa Mwingereza, neno hilo moja ndilo la jua linapokuchwa, la saruji au uji unapoganda, la mwenye nyumba anapoandika meza, la mwindaji anapotega mtego na mlalaji anapotega saa, la mganga anapounga mfupa uliovunjika, la sonara anapopachika kito katika pete, la mwalimu anapotunga mtihani, la hakimu anapopanga siku ya kesi, la msafiri anapofunga safari, na la mwovu anapotia nyumba moto. Kiswahili kina kitenzi mahususi kwa karibu kila jambo miongoni mwa hayo, na mtu asemaye kwamba lugha yetu ni maskini wa maneno afadhali ahesabu mistari hiyo kwanza. Kitenzi chenye maana 400 ni mtumishi aliyetwishwa kazi ya wengi. Haki pia inanilazimisha nikiri kwamba sisi tunaye mtumishi wa namna hiyo, naye ni kupiga, apigaye pasi, simu, magoti, mbizi, kura, chafya na hodi, bila ya kumdhuru mtu yeyote katika hayo saba. Mgeni anayejifunza Kiswahili hustushwa na nchi ya watu wapigao kila kitu.

Katika maana zote hizo 400, Kiswahili kilikopa moja mbili tu, seti ya vikombe au ya sofa, na seti ya mchezo wa tenisi. Hivi ndivyo lugha zikopavyo: hazichukui neno na mali yake yote, huchukua lile lililokuwa likihitajiwa sokoni siku ile, na mengine huyaacha kwa mwenyewe.

Wakati mwingine neno hubadilishwa maana na sheria, si soko. Kitenzi cha Kiingereza chenye maana ya kuchutama kilizaa jina la mtu anayekalia ardhi isiyo yake, na jina hilo lilipofika Kenya likawa skwota. Lakini skwota wa Kenya hakujikalia tu: alikuwa Mwafrika aliyeishi na mifugo yake katika shamba la mlowezi kwa sharti la kumfanyia kazi, na sheria ya mwaka 1918 iliweka sharti hilo kuwa siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Kwa hiyo yule ambaye kamusi ya London humwonyesha kuwa amevamia, katika Kenya alikuwa na mkataba, na alilipa kodi ya kukaa kwake kwa jasho la nusu ya mwaka. Kwa Kiingereza neno halikubadilika hata herufi moja. Mwenye kulitafuta katika kamusi ya kawaida atapewa jibu sahihi kwa nchi nyingine.

Yapo pia maneno ya S ambayo Mwingereza ameyachukua kwetu, na mashuhuri kuliko yote ni safari. Sisi tulilipokea kutoka Kiarabu, tukalipa kazi nyingi: mwendo wowote wa mbali ni safari, na hata mara ni safari, tusemapo safari hii mvua imekuja mapema. Richard Burton, aliyepita pwani hadi maziwa makuu kati ya 1857 na 1859, ni miongoni mwa Waingereza wa kwanza kulitia katika maandishi yao. Kisha wakaja wawindaji, na Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka katika urais wa Marekani, alifika mwaka 1909 na msafara mkubwa wa wapagazi, akazunguka Kenya akipiga wanyama, hata Meru alipita. Na baada ya hapo neno likabanwa likawa la bunduki, na baadaye la kamera. Maana yake katika Kiingereza leo ni nyembamba kiasi hiki, kwamba mtalii aendaye Mbuga ya Meru kumtazama faru yumo safarini, ilhali dereva aliyetoka Maua na miraa, anayeikimbiza Nairobi kabla haijanyauka, hayumo. Kwa Kiswahili wote wawili wamo, na huyo wa miraa ndiye wa kuombewa zaidi afike salama.

Waliotutungia kamusi walijua shida hii ya maana kutanuka na kubanwa, ingawa si wote walioipatia dawa. Ludwig Krapf, aliyekuwa Mzungu wa kwanza kutoa habari za kuuona Mlima Kenya, mwezi wa Desemba 1849 akiwa Kitui, ndiye huyo huyo aliyeandika kamusi ya Kiswahili iliyochapishwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Akafuata Madan, ambaye kamusi yake ya kutoka Kiingereza kuja Kiswahili ilitoka mwaka 1894. Kisha Kamati ya Lugha ya nchi nne za Afrika ya Mashariki ikaanzishwa mwaka 1930, na chini ya katibu wake Frederick Johnson zikatengenezwa kamusi mbili za mwaka 1939, ambazo ziliongoza mikono ya walimu kwa miaka mingi. Kamati ile ilifuata lahaja ya Unguja, na kwa kusanifisha lugha ilifanya kazi ya maana. Ila mtu wa Meru au Embu aliyefungua kamusi hizo alikuta Kiswahili cha bandari, chenye tanga na nanga, naye alikuwa na Kiswahili cha soko la mlimani.

Tofauti hiyo haionekani mahali popote wazi kama katika neno stima. Pwani lilikuwa jina la meli ya moshi, nalo lilifika pamoja na meli zenyewe, kutokana na neno la Kiingereza lenye maana ya mvuke. Katika Kenya lilipanda nchi kavu, likaacha bahari, likaacha na mvuke, likawa jina la umeme. Na limekita kwa kiasi ambacho jengo la makao makuu ya kampuni ya umeme, Nairobi, linaitwa Stima Plaza. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya stima hiyo ilitoka katika mto Tana, mpakani mwa Embu, penye mabwawa yaliyojengwa moja baada ya jingine, Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988, ambapo maji baridi ya Mlima Kenya na Aberdare huzungusha mitambo bila ya moto wala mvuke. Neno la mvuke likawa la maji. Halafu mwaka ule ule wa 1981 mtambo wa Olkaria, karibu na Naivasha, ukaanza kutoa umeme kwa mvuke utokao ardhini, na hivyo jina likapata haki yake kwa mlango wa nyuma, pasipo mtu aliyelitaka lirudi.

Tanzania hawakulifuata hili. Wao husema umeme, kwa neno la radi, na Mkenya huwaelewa bila ya taabu. Lakini giza linapoingia ghafula Embu, na mwenye duka wa Majengo akatafuta mshumaa huku akinung'unika kwamba stima zimepotea, mzee wa Tanga aliyekuja kumtembelea mwanawe, mzee aliyekulia forodhani, atakuwa na haki ya kuuliza zilikuwa zikielekea bandari gani.